Ikaria, kisiwa kilichoipa bahari mgongo

Ukishuka Ikaria ukakimbilia ufukweni, utaogelea, utapiga picha zako, na utaondoka hujakiona kisiwa. Wageni wengi ninaowaona pale kila Agosti hufanya hivyo, na siwalaumu, maana maji ya Aegean yakishakutazama kwa ile rangi yake huna ujanja. Lakini maisha ya kisiwa hiki yako juu. Vijiji vimejibanza mabondeni na nyuma ya majabali, na fukwe zimeachwa huko chini kama uwani, mahali pa kupita na kutupia macho.

Mimi kilichonipeleka ni kazi. Naishi Athens, mtaa wa Kypseli, ambako Watanzania na Wakenya tupo wa kutosha kusalimiana sokoni, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja mzaliwa wa Ikaria. Ikifika Agosti, Athens inabaki tupu. Joto linakaba, maduka yanafungwa, kila mwenye kijiji anarudi kijijini. Bibi naye hurudi, na mimi na mkoba wa dawa zake tunafuatana naye. Akilala mchana, au binti yake akija kukaa naye, nakuwa huru. Kisiwa nimekijua hivyo, kwa vipande, saa mbili leo, kutwa moja kesho kutwa.

Niseme kidogo kilipo. Ni kisiwa cha Ugiriki, upande wa mashariki wa Bahari ya Aegean, jirani na kisiwa cha Samos, na Uturuki haiko mbali. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 255, kama robo ya Pemba. Ni chembamba na kirefu, urefu kama kilomita 40, upana haufiki 10, na katikati umelala uti wa milima ya Atheras ambao kilele chake kinapita mita 1,000. Ukikitazama kwenye ramani utajiambia nusu siku inatosha kukizunguka. Thubutu! Kutoka Agios Kirykos, bandari ya kusini, kwenda Evdilos, bandari ya kaskazini, ni kama kilomita 40 tu, lakini barabara inapanda hadi mawinguni, inajikunja, inashuka, na katikati ya kona unakuta mbuzi wamelala kwenye lami wala hawana haraka ya kunyanyuka. Hiyo ni saa nzima ya kushikilia kiti. Bibi hufumba macho na kusali. Siku hizi na mimi nasoma dua zangu kimoyomoyo, kila mtu na lake.

Meli inatoka Piraeus, bandari ya Athens, na inachukua saa saba au zaidi kutegemea inapopitia, na mara nyingi inafika saa za usiku. Kama hujamwambia mtu aje kukupokea, panga kulala pale pale bandarini na mlima uuvuke asubuhi. Gizani hutaona kitu, na isitoshe utakosa jambo la kwanza ambalo kisiwa hiki kinamfundisha mgeni: jinsi vijiji visivyoonekana.

Hili lilinichukua muda kulielewa. Kwetu Tanga mji umeitazama bahari. Nenda Pangani, nenda Tongoni kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi, nenda Kilwa au Lamu, kote huko wazee walijenga pale maji yanapogusa nchi, kwa sababu chombo kikija kilileta nguo, vyungu, habari na wachumba. Wareno walizipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na bado watu waliendelea kukaa hapo hapo ufukweni. Sasa mtu wa namna hiyo unamleta Ikaria, anasimama barabarani juu ya Evdilos anatazama mlima mzima, na mwenyeji anamwambia pale mbele yako kuna nyumba thelathini. Unaangalia mawe. Mpaka upepo ulete harufu ya kuni ndipo unaiona ya kwanza.

Waliozijenga walikuwa wakiwakimbia maharamia. Kwa karne kadhaa, hasa ya 16 na ya 17, bahari hii ilikuwa njia ya wezi wa watu na mali, na kisiwa kisicho na bandari nzuri wala ngome ya maana hakikuwa na wa kukitetea. Watu wakaondoka pwani, wakapanda juu, wakajifanya hawapo. Ukoo wa bibi bado una nyumba moja ya zama hizo, umbali wa kama robo saa kwa miguu kutoka nyumba ya sasa, na nimeingia humo mara nyingi kuchota mvinyo wa wenyewe. Paa limeinama upande mmoja tu na limeegemea jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe. Juu wamepanga mawe bapa, jiwe juu ya jiwe, bila saruji. Upande wa baharini hakuna dirisha, upo ukuta uliopanda juu kuliko paa, ili anayetazama kutoka melini asione mstari wa nyumba bali aone mlima unaendelea. Mlango ni mfupi, mimi si mrefu na lazima niiname. Na bomba la moshi hakuna. Moshi ulitafuta njia yake katikati ya yale mawe ya paani, ukatoka umetawanyika, usipande kama nguzo ukawaita wabaya. Dari yote ndani ni masizi meusi yanayong'aa, na ukipitisha kidole hadi leo yanakushika. Chini kuna mitungi iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni, yenye vifuniko vya mawe. Humo ndimo wanamotunza mvinyo hata sasa.

Bibi huyu, mzaliwa wa kisiwa, mjukuu wa mabaharia kwa upande wa mama yake, hajui kuogelea. Na si yeye peke yake. Wazee wenzake kijijini, wanawake kwa wanaume, wengi hawajui, na hawaoni ajabu. Bahari kwao ni kitu cha kuwaletea barua na kuwachukulia watoto. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba nataka kushuka ufukweni aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna kitu nimepoteza huko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekwenda ni kutafuta chumba juu, si ufukweni. Armenistis, kijiji cha ufukweni upande wa kaskazini, ni pazuri, pana mikahawa na mandhari ya maji, nao wageni wamekaa hapo miaka mingi wakaridhika. Lakini ukilala Christos Raches au kijiji chochote cha milimani, utaziona saa za kisiwa zinavyokwenda. Mchana Christos ni kimya, maduka yamefungwa, unaweza kudhani kuna msiba. Watu wako mashambani au wamelala. Jua likishazama ndipo mlango mmoja unafunguka, na mwingine, na saa nne usiku watoto wanacheza mpira uwanjani, duka la viatu liko wazi, mama mmoja anapimiwa vitambaa. Mgeni anayekuja saa sita mchana kununua maji anaondoka akilalamika. Anayekuja usiku anakaribishwa kiti.

Usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Basi lipo, ila ratiba yake usiiwekee nadhiri. Ukiweza kukodi gari, kodi dogo lenye injini ya kupanda, na uliza kabla kama bima yake inakubali barabara za vumbi, kwa sababu utazikuta tu. Mimi sina leseni ya huko, natumia lifti. Ikaria kuomba lifti si aibu wala si jambo la vijana wenye mabegi peke yao. Unasimama kwenye kona yenye kivuli, gari la kwanza au la pili linasimama. Nimepanda na padri, nimepanda na mfugaji mwenye mbuzi wawili nyuma, nimepanda na mama aliyenipakatisha mwanawe mchanga mapajani kabla hata hajaniuliza jina. Swali la kwanza huwa ni lile lile, wewe ni wa nani, yaani unakaa kwenye nyumba ya nani. Nikitaja nyumba ya bibi, basi, nimekuwa mtu. Kwetu nako ndivyo tunavyoulizana, hivyo halinikeri. Swali la pili ni nchi yangu, na nikisema Tanga kuna mzee mmoja aliyeruka: alikuwa na jamaa aliyelima mkonge huko. Wagiriki wa mkonge Tanga nani asiyewajua. Babu yangu mimi alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki, kabla serikali haijataifisha mashamba mengi mwaka 1967, na leo mjukuu wake anamkata kucha bibi wa Kigiriki. Yule mzee nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akanyamaza, kisha akasimamisha gari kuninunulia tini.

Sasa fukwe, maana najua wengi wenu mnasubiri hapo.

Kwanza ujue upepo. Julai na Agosti unavuma upepo wa kaskazini wauitao meltemi, mkavu, wa mbingu safi, unaoweza kukaza siku kadhaa mfululizo. Sisi wa pwani tunaposikia upepo wa kaskazini tunafikiria kaskazi la Desemba hadi Machi, wakati wao unawafika katikati ya kiangazi, sisi huku tukiwa na kusi. Basi siku meltemi imekaza, fukwe za kaskazini zinachafuka na za kusini zinatulia, ingawa hata kusini upepo ukivuka mlima unaweza kuporomoka kwa mapigo ya ghafla yanayobeba mwavuli. Wenyeji hawachagui ufukwe kwa uzuri. Asubuhi wanatoka kibarazani, wanatazama miti, ndipo wanasema leo tunakwenda wapi.

Upande wa kaskazini, jirani na Armenistis, kuna Livadi na Messakti. Messakti ni mchanga mpana na mrefu, adimu kwenye kisiwa cha mawe, na vijito vinavyoshuka mlimani vinaishia pale nyuma ya mchanga na kufanya vidimbwi vya maji matamu ambamo watoto hucheza. Hapo pazuri pana kucha. Mawimbi yanayoingia yanarudi kwa nguvu, na mkondo unaweza kukuvuta nje hata maji yakiwa kiunoni. Nimekulia kando ya bahari na naogelea tangu utoto, lakini bahari yetu ina mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi huko mbali, yakikufikia yamechoka. Pale hakuna mwamba wa kukukinga. Nilisimama maji yakiwa mapajani, wimbi likarudi, nikasikia mchanga unaondoka chini ya nyayo kana kwamba kuna anayeuchota. Nikatoka. Wakati wa msimu kuna waokoaji na bendera, wasikilize, na ukivutwa usishindane na mkondo kwa kuogelea kuelekea nchi kavu. Ogelea ukifuata ufukwe kwanza mpaka uondoke kwenye njia yake, ndipo ugeuze.

Nas ni kituko kingine. Ni kihori kidogo mahali mto Halaris unapoingia baharini baada ya kushuka kwenye korongo lake, na pembeni yake kuna mabaki ya hekalu la Artemis Tavropolos, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale. Mabaki ni machache, misingi na ngazi, maana marumaru nyingi zilichomwa chokaa karne ya 19. Nilishuka zile ngazi za mawe, kanga kichwani na kikapu mkononi, nikiwa na shauku ya hekalu. Kufika chini nikakuta watu kama walivyozaliwa, wamejianika, wanasoma magazeti. Nas inajulikana kwa hilo miaka mingi, mimi sikuwa nimeambiwa. Macho nikayapeleka kwenye misingi ya hekalu na sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kuichunguza misingi ile kwa makini kama mimi siku hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa hana kitu isipokuwa kofia akanisalimia kwa adabu zote, nami nikaitikia nikitazama mlima. Ukipenda usishuke: kaa kwenye mkahawa wa juu, agiza kahawa, utazame jua likizama baharini bila kusumbuana na mtu.

Upande wa kusini ndiko uliko ufukwe ambao mabango na kadi za posta zimeupa jina: Seychelles. Ndiyo, Ushelisheli, ya Bahari yetu ya Hindi. Uko karibu na kijiji cha Magganitis. Wenyeji husimulia kwamba haukuwepo hivyo zamani, kwamba ni mawe yaliyoporomoka wakati wa kuchimba handaki la barabara ndiyo yaliyofanya kihori kile, na bahari ikayasaga na kuyang'arisha mpaka yakawa kokoto nyeupe. Unaacha gari barabarani karibu na handaki na kushuka kwenye mkondo wa mawe kwa dakika kumi na zaidi, ukishika jiwe hili na kukanyaga lile. Vaa viatu vilivyofungwa. Nimeona watu wakishuka na ndala na kupanda nazo mkononi, kidole kikivuja damu. Hakuna kibanda, hakuna maji ya kununua, kivuli ni cha jabali tu na saa sita kinatoweka. Beba maji lita moja na nusu kwa kila kichwa, na kitu cha kujifunikia. Kanga mbili zilinitosha, moja ya kukalia, moja niliitandaza juu ya fimbo na jiwe, jirani zangu wa Thessaloniki wakaomba kuingiza vichwa.

Na je, inafanana na Ushelisheli? Majabali yale ya mviringo, ndiyo, na rangi ya maji, ndiyo. Ila mtu wa Bahari ya Hindi atashangaa mambo mawili. Maji ni baridi kuliko unavyodhani, hata Agosti, na hayana kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi. Nilikaa pale asubuhi mpaka alasiri nikisubiri maji yatoke ili nione kaa na kome kwenye mwamba. Maji yalikaa pale pale. Bahari isiyokwenda kokote! Niliporudi nikamwuliza bibi, akasema, "Iende wapi?"

Ufukwe ninaoupenda kupita yote si wa picha. Ni Lefkada, magharibi ya Agios Kirykos, mahali chemchemi ya maji ya moto inapobubujika kwenye mawe ya ufukweni na kuingia baharini. Hakuna geti wala tiketi. Watu wamepanga mawe duara, maji ya moto yanachanganyika na ya chumvi, na ukikaa ndani unasikia moto upande mmoja wa mguu na baridi upande wa pili. Ikaria ina chemchemi nyingi za namna hiyo, na kijiji cha Therma, kilichoko upande wa pili wa mji, kina bafu za tiba ambazo watu wa magoti na migongo wamekuwa wakizijia tangu zamani. Maji yake yana radoni, gesi yenye mionzi, kwa hiyo hoja si kukaa humo kutwa. Waulize wahudumu dakika, na mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Bibi daktari wake alimruhusu miguu tu. Basi tunamshusha Lefkada kwa kumshika huku na huku, tunamkalisha kwenye jiwe, anavua soksi zake nyeusi, anaingiza miguu kwenye bahari asiyoiamini, na anaanza kunihadithia habari za watu waliokufa.

Katika habari hizo nimepata historia ambayo vitabu vya watalii vinaigusa juu juu. Kwamba Julai 1912 kisiwa kiliwaondoa Waturuki wa Dola ya Osmani kikawa nchi huru, yenye bendera yake na stempu zake, hadi Novemba kilipoungana na Ugiriki. Kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949 na baada yake, serikali ilikifanya kisiwa kuwa jela, ikawaleta wakomunisti na watu wa mrengo wa kushoto wapatao 13,000 kuishi uhamishoni, akiwemo mtunzi wa muziki Mikis Theodorakis. Bibi alikuwa msichana. Anakumbuka wageni wale wakila kwenye meza zao, wengine madaktari, wengine walimu, wakiwatibu na kuwafundisha watoto, na polisi wakijifanya hawaoni. Mpaka leo Wagiriki wengine hukiita Ikaria mwamba mwekundu, kwa siasa zake. Na kwamba Julai 1993 moto wa msituni uliua watu 13. Kwa hiyo usicheze na sigara wala jiko la kambi kwenye misonobari ile. Meltemi ikivuma cheche moja inatosha, na nimeona mzee mpole kuliko wote akimfokea mgeni kwa kuwasha mshumaa tu chini ya mti.

Kama una nafasi ya kuchagua tarehe, lenga tarehe 15 Agosti, siku ya Bikira Maria, uwe Langada. Kijiji hiki, au tuseme bonde hili, ndilo lililokuwa maficho makuu enzi za maharamia. Kiko ndani kabisa, ukiwa baharini hata ukipanda mlingoti hukioni. Siku hiyo wanakuja watu wa kisiwa kizima, na wa Athens, na wa Marekani ambako Waikaria wengi walihamia. Panigiri, sherehe ya kijiji, haina mwaliko. Meza ndefu zinapangwa chini ya miti, unakaa penye nafasi, na chakula unakwenda kununua kwenye majiko: nyama ya mbuzi ya kuchemsha au ya kuoka kwa kilo, imefungwa kwenye karatasi, mkate, saladi, mvinyo. Pesa haziingii mfukoni mwa mtu. Zinakwenda kutengeneza barabara, kanisa, bomba la maji la kijiji. Barabara kadhaa ninazopanda lifti zilijengwa kwa mbuzi, kama anavyosema bibi.

Mimi nyama ile huwa siili, maana siijui imechinjwa vipi, na pombe sinywi. Nilihofu nitaonekana mtu wa kujitenga. Kumbe kuanzia tarehe 1 Agosti mpaka siku ile Waorthodoksi nao wanafunga, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na bibi wangu ni wa kushika kweli kweli. Wiki mbili nzima tunapika pamoja dengu, maharage, na soufiko, biringanya, mamung'unya madogo, vitunguu na nyanya zikiiva taratibu kwenye mafuta ya zeituni bila tone la maji. Ni chakula ambacho mtu wa Tanga angelijua jiko lake. Kwa hiyo watu wa kule mtu anayekataa nyama kwa ajili ya dini wanamwelewa haraka sana. Sherehe ilipofika binti yake alileta nyama mezani, bibi akaisogeza upande wa pili na kuniwekea sufuria ya soufiko aliyoificha kwenye begi, akawatazama wote kama anayesema aulize mtu.

Kisha fidla inaanza. Ngoma yao, Ikariotikos, inaanza pole pole, watu wameshikana mabegani kwa duara, mtu na mtu asiyemjua, kisha miguu inaongeza kasi, na duara linajikunja ndani ya duara jingine mpaka huoni mwanzo wala mwisho wake. Usingoje kuitwa. Unapenya katikati ya mabega mawili nao wanafungua. Nilipenya, kanga ikiwa kichwani, kati ya kijana mwenye jasho na mwanamke wa rika la mama yangu aliyevaa kitambaa cheusi kama wanavyovaa wajane wao. Nilikosea hatua, nikamkanyaga, hakuna aliyejali. Alfajiri bado walikuwa wakicheza.

Watu huniuliza kuhusu wazee. Ikaria imetangazwa sana kama kisiwa ambako watu husahau kufa, na kweli watafiti wa Chuo Kikuu cha Athens walikuja mwaka 2009 kuwachunguza wenye umri mkubwa. Wengine wanasema ni mboga za porini, wengine asali, wengine chai ya mlimani. Mimi kazi yangu ni wazee, na nina maoni yangu. Bibi akiwa Athens anakaa ghorofa ya nne, anatazama televisheni, na mgeni wake ni mimi. Kijijini, kabla sijamaliza kumpima presha asubuhi, wameshapita watu wanne: mmoja kaleta mayai ya kuweka mpaka mfungo uishe, mmoja amekuja kugombana kuhusu mpaka wa shamba. Anapanda ngazi kumi na moja za nyumba ile, ambazo daktari wa Athens angezikataza, na anazipanda kwa sababu mpinzani wake wa mpaka amesimama juu. Chai ya mlimani tunayo hata Kypseli, naichemsha kila jioni, na haimpandishi ngazi.

Jambo la mwisho ni la kutoka kisiwani. Upepo ukizidi kiwango, meli zinazuiwa kusafiri, na tangazo unaweza kulipata siku yenyewe. Usikate tiketi ya ndege ya kimataifa inayoondoka kesho yake, acha siku mbili katikati. Nasi mara moja meli yetu iliyokuwa itie nanga Evdilos ikatangazwa kwamba itapitia Agios Kirykos, upande wa pili wa mlima, na saa ilikuwa imekwenda. Tukajazana kwenye teksi moja, bibi mbele, mimi, mwanafunzi mmoja na mama mwenye kuku kwenye boksi nyuma. Tulipofika juu kabisa, meli ikionekana kule chini na taa zake inakuja, dereva akaegesha, akazima gari, akaingia kwenye nyumba moja, akakaa. Mwanafunzi alikuwa anatetemeka. Bibi alikuwa anasifia upepo. Dereva akarudi na ndoo ndogo ya asali, akaniwekea mapajani na kuniambia dada yake atanisubiri getini Piraeus, amevaa gauni la kijani. Meli tuliiwahi, na yule dada alikuwepo, ila gauni lilikuwa la bluu.